Vitambaa vya Viti Nisivyokuwa Navyo

Asubuhi hiyo nilitoka bila kujua niendako. Nilikuwa nimelala kwenye kochi la rafiki mmoja huko Koekelberg, katika chumba ambacho kuba la kanisa kubwa limejaa dirisha zima, na jana yake rafiki alikuwa ameniambia kwa upole kwamba shemeji yake anakuja mwisho wa wiki. Sikuhitaji kuambiwa mara mbili. Nilikunja blanketi, nikaosha kikombe nilichokuwa nikitumia, nikachukua begi langu la mgongoni na mfuko mmoja mkubwa wa plastiki wenye mistari ya buluu na nyekundu, nikashuka ngazi.

Begi lilikuwa na nguo zangu. Mfuko ulikuwa na vitambaa kumi na viwili vya viti, ambavyo mama yangu alivifuma kwa mkono wake nyumbani kwetu Buyenzi, Bujumbura. Mama alikuwa amefariki mwezi mmoja na siku kadhaa kabla ya asubuhi hiyo. Arobaini yake ilikuwa imebaki siku tatu. Na mimi, katika mji wote wa Brussels, sikuwa na kiti hata kimoja.

Simuni kulikuwa na ujumbe wa mdogo wangu wa kike: "Kaka, kina mama wa kufuma wote watakuja kwenye hitima. Wanataka kuona vitambaa vikiwa kwenye viti vyako. Tuma picha. Wanajua mama alivyohangaika navyo. Tafadhali usinifanyie kama siku zote."

Jambo hili lilianza kwa mzaha. Miaka ya mwanzo ya kufika kwangu Ubelgiji nilikuwa nikimbebea mizigo mzee mmoja wa Lubumbashi, ambaye sote tulimwita tonton, yaani mjomba. Alikuwa na gari la mizigo, ananunua makabati na friji za zamani kutoka kwa watu wanaohama, anaziuza tena. Mimi niliacha shule darasa la tano, na tangu hapo nimejifunza kwa kuuliza na kuchungulia. Kazi ya tonton ilinifaa kwa sababu iliniingiza katika nyumba za watu. Siku moja tulivuka mpaka kwenda Uholanzi kuchukua friji, tukapotea njia, tukajikuta tunapita kandokando ya ukuta mrefu wa matofali. Ukuta ulipokatika pakatokea lango la chuma, na nyuma ya lango kasri la wafalme wa zamani, limezungukwa na majukwaa ya mafundi kutoka chini hadi paani.

"Tonton, simamisha."

"Nisimamishe juu ya nini? Ile ni nyumba ya batu bakubwa."

"Nataka kuona tu."

"Weye kuona, kuona! Macho yako haishibake?"

Lakini alisimamisha, tena akatoa kamera yake ya filamu chini ya kiti. "Bon, simama pale. Weka mukono ku lango kama vile iko ya kwako. Vuta tumbo. Usicheke sana, batasema umeiba. Voilà! Sasa weye ni patron."

Wakati ule sote tulifanya hivyo. Mtu alipiga picha ameegemea gari la jirani, au amesimama mbele ya duka la suti ambalo hajawahi kuingia, akaituma nyumbani. Hatukuiita uongo. Ilikuwa kama kuvaa nguo mpya ya Idi, kuwafanya watu wa nyumbani wafurahi. Nyuma ya picha yangu niliandika, nikicheka peke yangu: "Hapa ndipo ninapokaa." Nikaituma.

Mama hakujua kusoma. Mdogo wangu alimsomea, naye hakucheka. Alitafuta fremu, akaitundika picha sebuleni, akangoja Jumapili nipige simu.

"Mwanangu, nyumba kubwa namna hiyo, mbona haijaisha?"

Aliona majukwaa. Hapo ndipo ningesema kweli. Lakini kwetu nyumba hujengwa hivyohivyo: mwaka huu msingi, mwaka mwingine kuta, halafu kunakaa kimya mpaka bati lipatikane. Hakuna jambo mama yangu angelielewa upesi zaidi ya nyumba isiyokwisha. Sentensi ilinitoka yenyewe.

"Mafundi bado, mama."

"Mungu atasaidia," akasema. "Usiwaharakishe, wataharibu."

Basi ikawa hivyo kwa miaka. Hakuwahi kuniomba kitu. Aliulizia nyumba tu. Bati limefika? Limefika, mama. Na madirisha? Wanaweka upande wa nyuma. Nilikuwa nikimjibu kutoka kwenye vibanda vya simu vya Matonge, mtaa wa Waafrika wa Brussels, au kutoka jikoni kwa mtu Auderghem, au nimekaa kwenye ngazi za jengo ambalo ufunguo wake sina. Nilihama kila baada ya miezi michache, mara nyingine bila sababu, kwa kuwa tu mtaa niliokuwa naujua haukunifundisha tena kitu. Na kila mama aliposema anatamani kuja kuniona, au mimi niende, nilijibu, "Ngoja nyumba iishe kwanza." Niliyafanya majukwaa yale kuwa mlango, nikaufunga nikiwa nje.

Mwaka mmoja aliuliza, "Sebuleni una viti vingapi?"

"Kumi na viwili," nikasema. Ndiyo idadi iliyonijia.

"Vya mgongo mrefu au mfupi?"

"Mrefu."

"Basi nitaanza."

Mtu aliyekulia sebule kama yetu atajua alichoanza. Mama alikuwa na viti vinne, na kila kiti kilikuwa na kitambaa cheupe cha kufumwa kilichoning'inia mgongoni, kimefuliwa, kimetiwa wanga, kimenyooshwa mpaka kinasimama chenyewe. Vilitolewa sandukuni mgeni akija. Sisi watoto tulikaa mkekani. Ukithubutu kukalia kiti, na mgongo wako ukarudi nyuma hata kidogo, ulisikia sauti kutoka uani: "Usiegemee! Mafuta ya kichwa hayatoki!" Sijui aliionaje migongo yetu kupitia ukuta.

Alivifuma vitambaa vyangu kwa miaka minne. Sukari ilikuwa imeanza kumla macho, akawa anafuma kwa kuhesabu kwa vidole. Kina mama wenzake walimkagulia matundu.

Alipofariki, walinitafuta siku nne. Nilikuwa nimebadilisha namba ya simu na sikumwambia mtu. Ni tonton aliyenipata, amesimama nje ya metro ya Porte de Namur tangu asubuhi akimuuliza kila Mrundi anayepita. Aliponiona alivua kofia. Mama alikuwa ameshazikwa siku ileile aliyokufa, kama ilivyo desturi yetu, na jina langu lilikuwa limetajwa makaburini kama mtu ambaye hajapatikana.

Wiki mbili baadaye, palepale Porte de Namur, maman mmoja mfanyabiashara aliyetoka Bujumbura alinikabidhi mfuko. Alinitazama kuanzia viatu kwenda juu.

"Ni wewe mwenye jumba?"

"Ni mimi, maman."

"Mbona umekonda hivi? Au unapotea humo ndani ukitafuta jikoni?" Halafu akajishika mdomo. "Pole, mwanangu. Pole sana. Nimeacha kilo mbili za samaki wa ndagala kwa ajili ya mfuko huu, lakini nisingeukataa. Mama yako alitufumia sote."

Niliufungua kwenye benchi la metro. Kumi na kimoja vilikuwa vimekamilika. Cha kumi na mbili kilikuwa nusu, sindano ya kufumia bado imo kwenye tundu la mwisho, uzi umezungushwa vizuri ili usifumuke.

Ndiyo mizigo niliyotoka nayo asubuhi hiyo. Nilifika stesheni kuu kwa kuwa metro ilinifikisha huko. Nilisimama chini ya ubao wa treni kama ninavyopenda kusimama, nikisoma majina ya miji. Nilipoona treni ya Uholanzi nilikata tiketi kabla sijajiuliza kitu, na tulipokwisha kuvuka mpaka ndipo nilipokiri moyoni ninachoendea. Kasri lazima liwe na viti. Ningeviomba dakika moja tu. Picha moja, na kina mama wangeitazama kwenye hitima, na mama angekuwa amefariki mwenye mtoto mwenye nyumba.

Jina la mji nilikuwa nimeliuliza siku ileile ya friji, na sikulisahau. Baada ya treni mbili na basi moja nilishuka mbele ya ukuta ule wa matofali. Niliutambua mara moja. Majukwaa hayakuwepo. Kuta zilikuwa safi, madirisha marefu yamepakwa rangi upya, na paa linang'aa kwa mvua iliyokuwa imetoka kupita. Nilisimama barabarani mfuko mkononi, nikajisikia nikisema kwa sauti, "Mama, nyumba imeisha."

Mtu aliyekuwa akiegesha baiskeli aligeuka kunitazama. Nikaingia.

Mlangoni walinitaka niache mizigo katika kabati lenye ufunguo. Nilitoa kitambaa kimoja, nikakikunja ndani ya koti.

Nitasema kweli: kwa nusu saa nilisahau. Ndivyo nilivyo. Dari lilikuwa na miungu na mawingu, na nilitaka kujua mchoraji alilalaje juu ya ubao bila shingo kukakamaa. Kingo za vioo zilikuwa za dhahabu, nami nikamuuliza mlinzi kama ni dhahabu kweli. Alikuwa mama mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, Kifaransa chake cha taratibu kama changu. Alinieleza kwamba ni karatasi za dhahabu nyembamba kiasi kwamba fundi haruhusiwi kupumua juu yake. Wanazibeba kwa brashi waliyoipitisha shavuni, ili mafuta kidogo ya ngozi yazinase. Nilifikiri, hilo mama angelipenda. Halafu nikakumbuka.

Viti vilikuwa chumba cha tatu. Vilipangwa ukutani, zaidi ya kumi na viwili, vyekundu, mgongo mrefu, na mbele yake kamba.

"Kwa nini viko ukutani hivi?" nikauliza.

"Havikuwa vya kukalia hivihivi," mlinzi akasema. "Mfalme ana kiti cha mikono. Ndugu zake kiti kisicho na mikono. Wengine kigoda. Wengi walisimama siku nzima. Na mfalme akiondoka, watumishi walivifunika vyote kwa shuka za kitani. Walivifunua siku anayorudi."

"Kwetu ni kinyume. Tunavifunika mgeni akija."

Alicheka. Nikatoa kitambaa kwenye koti, nikakikunjua, nikamwomba. Nilimwambia dakika moja, kiti kimoja, hata cha mwisho kule kwenye kona. Alikitazama kitambaa, akanitazama mimi, akatikisa kichwa.

"Hapana, bwana. Hata mimi sijawahi kuvigusa. Miaka tisa."

Lakini alivaa miwani yake na kunyoosha mikono, nikampa. Alikipeleka kwenye mwanga wa dirisha, akakigeuza nyuma, mahali ambapo mafundi hutazama.

"Nani amefuma?"

"Mama yangu."

"Ana mkono mzuri."

"Anao," nikasema.

Alinirudishia, akaniambia naweza kupiga picha ya viti vyenyewe, bila mwanga wa kamera. Nikapiga. Picha ilitoka vizuri kuliko nilivyotaka; kamba haikuonekana. Nikaandika chini yake: "Hivi ndivyo viti. Vitambaa nimevipeleka kufuliwa, vitarudi baada ya arobaini." Uongo ulinijia tayari umenyooshwa, kama ule wa kwanza. Kilichobaki ni kubonyeza.

Nikatoka bustanini nikiwa bado nimeishika simu.

Bustani ilikuwa chini, unashuka ngazi, imekatwakatwa kama zulia: vichaka vifupi vimechongwa kwa mikunjo, kati yake changarawe nyekundu na nyeupe, miti midogo ya ndimu na michungwa ndani ya masanduku ya mbao ili ikipata baridi ibebwe ndani. Katikati maji yalikuwa yakiruka juu kuliko nyumba ya kwetu. Kulikuwa na ubao wa maelezo, nami siwezi kupita ubao bila kuusoma, hata ukinichukua nusu saa. Uliandikwa lugha tatu. Ulisema bustani ya kwanza ilifukiwa mchanga zamani, mmiliki mmoja alipotaka majani matupu, na hii ninayoiona ilipandwa upya yote kwa kufuata michoro ya zamani. Hakuna kichaka hata kimoja kilichoonwa na wale waliokitamani mwanzo.

Nilikaa pale kwenye ukingo wa jiwe. Watu walikuja, wakapiga picha, wakaenda. Nilitafuta kwa macho lango ambapo tonton alinisimamisha, na sikuliona upande wa mbele. Mtunza bustani mmoja alikuwa akisukuma toroli. Nikamwonyesha picha ile ya zamani, ambayo mdogo wangu aliwahi kuipiga kwa simu kutoka kwenye fremu na kunitumia. Alitabasamu, akanionyesha upande wa nyuma, kupita mapipa ya majani yaliyooza. Lilikuwa lango la kupitishia kuni na samadi. Nililishika tena, mkono uleule, mahali palepale. Chuma kilikuwa cha baridi. Mama alikuwa amelitazama lango hili kila siku kwa miaka, akiwa amelala, akiwa anafuma, mpaka macho yalipozima na akabaki kulijua kwa kukumbuka. Alinijengea sebule ndani yake, tundu kwa tundu, na mimi nilikuwa sijamwonyesha hata kikombe changu.

Nikafuta maneno niliyoandika. Nikafuta na picha.

Basi la mwisho la stesheni lilikuwa bado, lakini nirudi kwa nani? Nilichukua mizigo yangu nikatembea kuelekea mjini. Ni mji mdogo, nyumba zake fupi, mapazia yake yote wazi kana kwamba hakuna mtu wa kuficha kitu. Kwenye dirisha moja palikuwa na tangazo la chumba cha kupanga. Nilibisha. Bibi mmoja mwembamba alifungua, akafuta mikono kwenye aproni.

"Siku ngapi?" akauliza.

Maisha yangu yote nimekuwa na jibu la swali hilo, na halikuwahi kuwa la kweli. "Sijui, bibi," nikasema. "Sina mahali."

Alinitazama kidogo, akageuka akapanda ngazi, nami nikamfuata. Chumba kilikuwa juu, chini ya paa: kitanda, beseni la kunawia, ndoano mbili za nguo, na kando ya dirisha kiti kimoja cha mbao. Cha mgongo mrefu.

Alipoondoka nilifungua mfuko. Harufu ya wanga na ya sanduku la mama ilitoka ikanipiga usoni, nikalazimika kukaa kitandani kwanza. Halafu nikachukua kitambaa, nikakitandika mgongoni mwa kiti kama nilivyomwona akifanya, kona sawa na kona, mkono ukikipapasa kukishusha. Kilienea sawasawa. Nikapiga picha, nikaituma, nikaandika: "Hiki ndicho kiti. Vingine viko kwenye mfuko."

Mdogo wangu alipiga kwa video kabla sijaiweka simu chini. Picha ilikuwa ikikatikakatika. Nyuma yake nilisikia wanawake wakichambua mchele.

"Vingine viko wapi, kaka?"

"Kwenye mfuko. Sina viti vingine. Hicho nacho ni cha bibi mwenye nyumba."

"Na nyumba yako?"

"Haikuwa yangu. Ile ni nyumba ya wafalme. Tulipita tu na gari."

Niliona dari, kisha ukuta. Alikuwa amesimama na kuingia sebuleni. Kwa sekunde moja nikaiona fremu, na mimi ndani yake, kijana, mkono langoni.

"Mama amekufa anaijua nyumba hiyo," akasema. "Alikuwa anatuambia chumba chake kitakuwa upande gani."

"Upande gani?"

"Upande wa jua. Kaka, ungemwambia. Angekuja hata mkekani. Si alitulea mkekani?"

Nililia mbele yake, jambo ambalo sijawahi kulifanya tangu tukiwa wadogo, naye akaniacha nilie.

Baadaye alijifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Bon. Kina mama wanangoja kuona. Weka simu mahali, kaa kwenye kiti."

Niliiegemeza simu kwenye beseni, nikakaa. Nilikaa ukingoni, magoti pamoja, mgongo wima mbali na kitambaa.

"Si hivyo," mdogo wangu akasema. "Unakaa kama uko kwa daktari."

"Kitachafuka."

"Ni chako, kaka. Alikufumia wewe. Egemea."

Nikaegemea.